Tarehe 4 mwezi wa sita haimo katika kalenda

Kila mwaka, tarehe 4 mwezi wa kwanza, sisi watu wa redio tuna kazi nyepesi. Ni siku ya mapumziko inchini Kongo, siku ya Mashahidi wa Uhuru. Tunasoma tangazo, tunapiga wimbo, tunaeleza kwamba mwaka 1959 mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Wabelgiji walizuia mkutano wa chama cha ABAKO, watu wakajaa barabarani, na askari wa Force Publique wakawapiga risasi. Wabelgiji walisema wafu hawakufika 50. Wanainchi walisema ni mamia. Hata mtoto wa shule ya msingi anaijua hiyo tarehe.

Miaka michache iliyopita, nilipotoka studio siku hiyo, mzee mmoja alipiga simu. Hakusalimia sana. Aliuliza: «Mwanangu, ya tarehe 4 mwezi wa sita mutaisoma lini?»

Sikujua anazungumzia nini. Nilimaliza sekondari, nikasomea uandishi wa habari, na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia hiyo siku. Nilimwomba anipe muda, nikaenda kuuliza na kusoma.

Lovanium ilikuwa chuo kikuu cha Wakatoliki, juu ya mlima Amba, Kinshasa, kilichofunguliwa mwaka 1954. Mwaka 1969 Mobutu alikuwa madarakani tangu mwisho wa 1965. Wanafunzi walidai pesa za masomo ziongezwe, maana maisha yalikuwa yamepanda bei, tena walitaka kusikilizwa katika uongozi wa chuo. Tarehe 4 mwezi wa sita wakashuka kuelekea mjini. Askari wakawapiga risasi.

Serikali ilitangaza wafu 6. Wanafunzi walisema makumi, wengine wakasema zaidi ya mia. Mpaka leo ubishi huo haujaisha, na sababu ni kwamba maiti hazikurudishwa kwa familia. Zilichukuliwa, zikazikwa kwa siri.

Hapa tusimame kidogo. Kwetu, mtu akikufa, kinachofuata ni kilio. Majirani wanakuja, wanakaa, wanataja jina la marehemu, na kila anayefika anauliza: amekufa namna gani? Kilio ndiyo habari ya kwanza ya kifo, kabla ya redio, kabla ya serikali. Mwenye kushika maiti anashika pia hilo swali. Mama hana pa kukalisha watu. Baba hana tarehe ya kuandika. Na jirani ambaye hakuona sanduku anaanza kusema labda kijana alikimbilia Brazzaville, labda yuko Ulaya, labda atarudi. Nafikiri Mobutu alilielewa jambo hili vizuri kuliko waandishi wengi.

Viongozi wa wanafunzi walipelekwa mahakamani, wengine wakahukumiwa hadi miaka 20 ya jela, kisha Mobutu akawasamehe mwaka huo huo. Angalia ujanja wake: aliyepiga risasi ndiye aliyesamehe, na waliopigwa wakabaki kuwa wenye kosa.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa sita 1971, wanafunzi wa Lovanium wakafanya wenyewe kile kilio walichonyimwa. Walikusanyika kuwakumbuka wenzao. Saa hiyo ilikuwa mbaya. Mama yake Mobutu, Mama Yemo, alikuwa amefariki mwezi wa tano, na serikali ilikuwa imemlilia kwa heshima kubwa. Mobutu alikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini, maelfu, wavulana kwa wasichana. Mwaka 1969 waliadhibiwa kwa kuandamana. Mwaka 1971 waliadhibiwa kwa kukumbuka.

Kisha likafuata jina. Mwezi wa nane 1971 Lovanium, chuo cha Lubumbashi na kile cha Waprotestanti cha Kisangani viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa, UNAZA. Mwezi wa kumi inchi yenyewe ikaitwa Zaire. Sisemi kwamba Zaire iliundwa ili kuficha wafu wa Lovanium. Lakini jaribu kumwulizia kijana aliyekufa akisoma katika chuo ambacho hakipo tena, katika inchi ambayo wakati huo ilikuwa haiitwi tena hivyo.

Hospitali kubwa ya Kinshasa ilipewa jina la Mama Yemo. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, nalo likafutwa. Sasa ni Hospitali Kuu ya Kinshasa. Nenda leo umwulize mwenye teksi. Atakupeleka «Mama Yemo».

Ya Lubumbashi wengi wetu tunaijua zaidi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa tano 1990, muda mfupi baada ya Mobutu kutangaza vyama vingi, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi. Serikali ilisema amekufa mmoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji iliomba uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, na misaada ya Ubelgiji ikasimama. Hesabu ya kweli haikupatikana.

Maandamano ya Wakristo ya tarehe 16 mwezi wa pili 1992 hayakusahauliwa hivyo. Watu walitoka parokiani wakidai Baraza Kuu la Taifa lifunguliwe tena, wakapigwa risasi. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba parokia ilibaki. Ina padri, ina kitabu cha majina, ina misa kila mwaka. Wanafunzi hawakuwa na nyumba ya namna hiyo.

Serikali za baadaye zilijifunza njia nyingine. Mwezi wa kwanza 2015 watu waliandamana kupinga sheria ya uchaguzi, na wengine wakauawa. Mwezi wa tatu, usiku, maiti 421 zilizikwa katika kaburi moja huko Maluku, nje ya Kinshasa. Serikali ilikubali hesabu hiyo na kusema ni maskini, watoto waliozaliwa wafu na watu wasiokuwa na wenyewe. Familia zilizopoteza vijana ziliomba kaburi lifunguliwe. Safari hii namba ilitolewa. Majina ndiyo hayakutolewa.

Sisi wa Goma tuna tarehe 30 mwezi wa nane 2023. Hesabu ya kwanza ilikuwa ndogo. Kesho yake serikali ikataja 43, baadaye ikapita 50. Kwa nini ilipanda? Kwa sababu simu zilikuwa zimekwisha kuonyesha askari wakitupa maiti ndani ya lori. Mwezi wa kumi mahakama ya kijeshi ikamhukumu kanali mmoja kifo.

Lakini simu inapotea. Mwanzoni mwa 2025 kambi za wakimbizi zinazozunguka Goma zilivunjwa, watu wakaondoka na godoro na sufuria. Mama mmoja aliniambia picha ya kijana wake ilikuwa ndani ya simu, na simu aliiuza kwa safari. Kilichobaki ni daftari la shule la mtoto, ambapo aliandika jina na tarehe. Aliniomba nisilitangaze hilo jina, na hapa pia silitaji. Alitaka tu nilisome mbele yake kwa sauti.

Yule mzee nilimpigia simu mwezi wa sita uliofuata. Kaka yake alikuwa Lovanium. Barua yake ya mwisho iliomba atumiwe viatu. Baba yao alivinunua, vikakaa nyumbani mpaka baba mwenyewe alipokufa, mwaka 1988, bila kukubali watu wakae kilio.

Nilimwuliza kama naweza kusema hayo redioni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni saa ngapi, ili awaite wajukuu.