Safu ya Lugha: Kiinua mgongo si mafao

Kampuni ikipunguza watu, utasoma gazetini kwamba waliopunguzwa "wamelipwa mafao na mwajiri". Sivyo. Mafao hutoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, kama NSSF, kutokana na michango. Anachotoa mwajiri ni kiinua mgongo, jina lililoundwa kama kifungua mlango cha bwana harusi: kinatolewa ili mgongo ulioinama kazini uinuke. Kwa sheria ya Tanzania ya 2004, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyetumikia miaka 6 anadai siku 42. Kenya, anayepunguzwa hulipwa siku zisizopungua 15 kwa mwaka.

Wala usikiite fidia. Nchini Tanzania, fidia huamriwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au mahakama, mtu akiachishwa kazi isivyo halali. Marekebisho ya sheria mwaka 2025 yaliigusa fidia hiyo: kiwango chake cha chini sasa hutegemea kosa la mwajiri. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati fidia wala kiinua mgongo, lakini mafao yake yako palepale.