Félicité: Baa na Okestra Katika Albamu Moja

Kijana anayejifunza gitaa kanisani, hapa Ngezi mjini Bunia, huambiwa mapema kwamba kuna muziki wa baa na kuna muziki wa heshima, na kwamba hiyo miwili haikai nyumba moja. Albamu ya filamu Félicité, iliyotoka mwaka 2017, inapinga mgawanyo huo, na waliopiga muziki wake ni Wakongo.

Filamu yenyewe iliongozwa na Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegali, ikarekodiwa Kinshasa. Félicité ni mama anayeimba baani usiku. Mwanawe anapata ajali ya pikipiki, hospitali inataka pesa kabla ya upasuaji, naye anazunguka jiji zima akidai madeni na kuomba msaada. Mwigizaji ni Véro Tshanda Beya, lakini sauti inayoimba ni ya Muambuyi wa kundi la Kasai Allstars.

Kundi hilo liliwakutanisha Kinshasa wanamuziki wa makabila ya eneo la Kasai, wakiwemo Waluba, Wasonge na Watetela. Nyimbo zao zina asili katika sherehe na matambiko ya vijijini. Mjini likembe, yaani vinanda vya vidole, zikaunganishwa na spika, magitaa ya umeme yakapigwa kwa mlio mkali wa kukwaruza, na wapenzi wa roki wa Ulaya wakazipokea albamu zao za 2008 na 2014 kwa hamu.

Upande wa pili wa albamu ni Okestra ya Simfoni ya Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, ambaye kanisa la Kimbanguiste limepewa jina lake. Diangienda alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Vyombo vilikuwa haba: wapigaji walipokezana fidla, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Mwaka 2010 filamu ya Kijerumani, Kinshasa Symphony, iliwatambulisha duniani.

Wakongo walikwishaujua muziki unaobeba filamu. Mwaka 1987 mwongozaji Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, akishirikiana na Benoît Lamy, alitengeneza La Vie est belle, mwimbaji Papa Wemba akiwa mhusika mkuu. Humo muziki wa dansi ndio uliotawala. Gomis aliongeza kitu kingine. Katika filamu nyingi okestra husikika bila kuonekana. Yeye aliiweka ile ya Kimbanguiste mbele ya kamera, ikipiga kazi za Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia. Mama anapoelemewa na mbio za jiji, zile fidla tulivu zinampa mtazamaji nafasi ya kuhisi uchungu ambao Félicité mwenyewe hausemi.

Albamu, Around Félicité, ilitolewa na Crammed Discs ya Brussels. Nyimbo za Kasai na kazi za Pärt zimekaa humo bega kwa bega, wala okestra haikuletwa kuyapamba magitaa. Mwaka 2017 filamu ilishinda tuzo kuu ya majaji mjini Berlin na Farasi wa Dhahabu wa Yennenga mjini Ouagadougou.

Tusisahau chanzo cha ushindi huo. Gomis hakuwaundia Wakongo muziki. Aliwakuta wamekomaa, baada ya miaka mingi ya mazoezi yasiyo na kamera wala tuzo. Kwaya na bendi zinazofanya mazoezi leo katika miji ya mkoa wetu wa Ituri zinahitaji vyombo, walimu na wasikilizaji sasa, kabla mgeni yeyote hajaja kuzigundua.