Jina Kizingitini
Ukiwa Kosele, ewe msomaji, litazame basi lipitalo: mara nyingi chasisi na injini hutoka ng'ambo, lakini bodi huundwa na mafundi wa Kenya. Ndivyo yalivyoundwa magari ya fahari ya Uingereza. Rolls-Royce Phantom IV, zilizotengenezwa 18 tu kati ya miaka 1950 na 1956, zilitoka kiwandani bila bodi. Waundaji kama Hooper ndio waliozivika. Basi ukitaka kulitambua gari la namna hiyo, usitosheke na rejeta, kwani hiyo hutaja kiwanda tu. Inama, utafute kibao kidogo kizingitini mwa mlango. Hooper waliacha kuunda bodi mwaka 1959. Kibao kikibanduka, nani atamkumbuka fundi?