Nchi jirani zafundisha madaktari wa macho watakaofika vijijini

Upofu mwingi katika Afrika Mashariki una tiba. Chanzo chake kikuu ni mtoto wa jicho, hali ya lenzi ya jicho kuingia ukungu. Lenzi hiyo huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa nyingine ya bandia. Kinachokosekana mara nyingi ni mpasuaji.

Mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walizindua mpango wa kukomesha upofu unaozuilika. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, lengo lilikuwa madaktari bingwa wa macho 4 kwa kila watu milioni 1. Hata hivyo, wengi wa mabingwa waliopo huishi mijini, ilhali wagonjwa wengi wako vijijini.

Ndiyo maana nchi za kanda zinawafundisha wataalamu wao nyumbani. Nchini Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, huandaa mabingwa wa macho. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na Chuo Kikuu cha Nairobi, na nchini Uganda na vyuo vikuu vya Makerere na Mbarara. Tangu mwaka 2012, chuo cha kikanda cha mabingwa wa macho, COECSA, chenye makao yake Nairobi, kimekuwa kikishughulikia ulinganifu wa mitaala na mitihani.

Bingwa hafanyi kazi peke yake. Nchini Kenya, maafisa tabibu hufundishwa kupasua mtoto wa jicho. Tanzania imewaandaa madaktari wasaidizi kwa kazi hiyo hiyo. Na Uganda huwafundisha maafisa tabibu wa macho mjini Jinja. Hao ndio wanaotegemewa wilayani.

Njia inayofaa mazingira yao ni upasuaji wa tundu dogo lisiloshonwa, usiohitaji mashine za bei kubwa. Daktari Sanduk Ruit wa Nepal ni miongoni mwa walioieneza duniani.

Hata hivyo, cheti pekee hakirudishi nuru. Mpasuaji aliyepelekwa wilayani bila hadubini, lenzi wala muuguzi hupoteza ustadi wake, na hatimaye hurejea mjini. Anayebaki ni mzee asiyeona, pamoja na mjukuu anayekosa masomo ili amwongoze njiani. Upasuaji mmoja huwafungua wote wawili.