Mfarishi Ulioachwa Njiani: Habari za Ushirika wa Washonaji wa Alabama

Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi, lakini kazi kiifanyayo ina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1955 wazee wetu wa Kanda ya Ziwa waliviunganisha vyama vyao vya pamba katika shirikisho moja. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, na mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Kwa hiyo sisi tu warithi wa kazi iliyokatizwa. Ndiyo maana tumeona yafaa kuwaeleza wanachama habari za wakulima wengine wa pamba, walio mbali nasi, waliorithi umaskini na vipande vya nguo wakavifanya ushirika.

Katika jimbo la Alabama, Marekani, pana mahali paitwapo Gee's Bend, ambapo mto umepinda na kulizunguka shamba kubwa. Watu wa hapo ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba ya bwana Pettway, na wengi wangali na jina lake. Utumwa ulipokwisha, waliendelea kulima kwa deni. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na watu wa mjane wake wakaja kuchukua mifugo, majembe na nafaka. Majira ya baridi yakawakuta hawana kitu.

Wanawake wa huko walishona mifarishi, yaani mablanketi ya viraka, ili watoto wasife kwa baridi. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Pamba yenyewe mara nyingi ilikuwa masazo yaliyookotwa, yakapigwa kwa fimbo mpaka yakalainika. Kuunga viraka vya uso ni kazi ya mtu mmoja nyumbani kwake. Lakini kuzishonea pamoja tabaka tatu ni kazi ya wengi, majirani wakiizunguka fremu ya mbao. Hivyo mwenye kuanza akifariki, uso alioukusudia haupotei. Hukaa sandukuni mpaka mikono mingine iutie pamba na kuumaliza. Mwaka 1942 Bibi Missouri Pettway, alipofiwa na mumewe, alizikata nguo zake za shambani akashona mfarishi wa kujifunika na kumkumbuka. Nguo zile zilikuwa zimechakaa magotini, na mfarishi waonyesha hayo waziwazi.

Mwaka 1966, wakati watu weusi wa wilaya ile walipofukuzwa mashambani kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura, kasisi Francis Walter alianza kununua mifarishi yao kwa dola 10 mmoja ili iuzwe New York. Mwezi Machi mwaka huo wanawake walianzisha ushirika, Freedom Quilting Bee. Bibi Estelle Witherspoon alikuwa miongoni mwa viongozi wake kwa miaka mingi. Walinunua eka 23, wakajenga jengo la kushonea, na viwanja vingine wakaziuzia familia zilizofukuzwa. Ndugu wanachama, hapo twaona fedha ya sindano ikigeuka ardhi.

Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushona foronya za kodrai kwa ajili ya duka kubwa la Sears. Mkataba ulileta mshahara wa hakika, lakini ulitaka kila foronya ilingane na nyingine, wala haukuacha nafasi ya mtu kubuni. Basi wanawake walichukua mabaki ya kodrai nyumbani, wakashona kwa mitindo yao wenyewe. Ushirika ulifungwa mwaka 2012. Hata hivyo kazi haikuzikwa nao: mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, na mwaka 2006 kumi kati yake ilichapishwa katika stempu za Marekani. Mabinti na wajukuu wangali wakishona.

Nasi tuna fremu yetu. Katika madaftari ya vyama vya msingi mna hisa za marehemu ambazo warithi wake hawajaandikishwa. Huo ni uso wa viraka uliobaki sandukuni. Alizilipa mzee kwa pamba yake kilo kwa kilo. Kuziacha bila mwenyewe ni kuuacha mfarishi uliwe na nondo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo lengo la kwanza la miaka kumi ijayo na liwe kumaliza: kila chama cha msingi kisome majina ya marehemu mbele ya mkutano, na mjane au mtoto, wa kiume au wa kike, aandikwe kama sheria iagizavyo. La pili na liwe kuanza: tusitegemee mnunuzi mmoja na kipimo chake peke yake, bali tujifunze kuitumia pamba yetu wenyewe, japo kwa kuanza na mabaki. Mmoja huunga viraka, lakini mfarishi humalizwa na wengi.