Morris ya 1939 Iliyouzwa kwa Bei ya 1948

Mwaka 1955 bwana mmoja wa Uingereza, Williams, aliamua kubadilisha gari. Alikuwa na Morris 10 ya nyumbani kwao, akaipeleka kwa wauza magari ili thamani yake ikatwe kwenye bei ya Hillman Minx mpya. Kadi ya gari ilionyesha kuwa limesajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na kampuni ikalithamini kwa pauni 290. Baada ya miezi minane hivi wauza magari hao wakapeleka namba ya chesisi na ya injini kiwandani. Jibu lililorudi ni kwamba gari lilitoka kiwandani mwaka 1939. Kwa umri huo wasingelilipia zaidi ya pauni 175, basi wakamfungulia Williams kesi wakidai tofauti ya pauni 115.

Williams hakuwa tapeli. Mama yake alilinunua gari hilo mwaka 1954 kwa pauni 300, akiiamini kadi ileile. Kadi ilionyesha umiliki ukibadilika mara tano tangu 1948, na mahali fulani katika mlolongo huo mtu asiyejulikana aliichezea tarehe. Kuikagua Morris kwa macho kusingesaidia kitu, maana umbo lake halikubadilika kati ya 1939 na 1948. Tena yule mtu wa kampuni aliyelithamini alikuwa akilifahamu vizuri: Williams alikuwa akimpa lifti mara kwa mara na gari hilohilo.

Mahakama ya chini iliwapa ushindi wauza magari. Mwaka 1957 Mahakama ya Rufaa ikaigeuza hukumu hiyo. Majaji Denning na Hodson walisema Williams hakutoa dhamana ya mwaka wa gari. Alieleza tu alichokisoma kwenye kadi, na hakuwa na elimu yoyote ya pekee kuhusu jambo hilo. Kampuni ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuuliza kiwandani, na ingeweza kufanya hivyo siku ileile. Jaji wa tatu alipinga. Kwa bahati ya ajabu, naye aliitwa Morris.

Wanasheria wa zamani wasingeshangaa. Mwaka 1603 sonara mmoja wa London, Chandelor, aliuza kwa pauni 100 jiwe alilodai ni bezari, lile linalopatikana tumboni mwa mbuzi na lililoaminiwa kuwa dawa ya sumu. Halikuwa bezari. Mnunuzi, Lopus, alishindwa mahakamani: kusema tu kwamba jiwe ni bezari, walisema majaji, si sawa na kulitolea dhamana. Kwa karne nyingi mnunuzi wa kitu kilichotumika, awe wa jiwe, farasi au gari, alilazimika kuonyesha mojawapo ya mambo mawili: ama muuzaji aliahidi, ama alidanganya kwa makusudi. Na kuthibitisha makusudi ya mtu ni kazi ngumu, kama mahakama za Uingereza zilivyozidi kusisitiza mwaka 1889 katika kesi ya Derry dhidi ya Peek.

Mackenzie Chalmers alipoandika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1893, aliukusanya utaratibu huo wote katika vifungu vifupi. Dhamana ya ubora aliiwekea mipaka: inamhusu anayeuza katika biashara yake. Jirani anayeuza gari lake hahusiki. Lakini kifungu kimoja hakikumbagua mtu yeyote. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, sharti ilingane na maelezo hayo.

Mlango huo mdogo ndio uliomwokoa mnunuzi wa Triumph Herald. Muuzaji wa kawaida alitangaza gazetini gari jeupe la mwaka 1961. Mnunuzi akaenda, akalitazama, akaona nyuma kijibati kilichoandikwa 1200, akaridhika. Gereji ilipolipandisha juu ikagundua kwamba ni magari mawili: nusu ya nyuma ni ya Herald 1200 ya 1961, nusu ya mbele ni ya gari la zamani zaidi, zimechomelewa pamoja. Muuzaji mwenyewe hakujua. Hata hivyo, mwaka 1967 Mahakama ya Rufaa ilimwajibisha, kwa sababu alichouza hakikuwa kile tangazo lilichokitaja. Ukilinganisha na Morris, utaona kizungumkuti: wauzaji wawili, wote wa kawaida, wote waaminifu, na tarehe ya gari ndiyo iliyoleta kesi. Mmoja akaachiwa, mwingine akalipa. Wanafunzi wa sheria wameumizwa vichwa na kesi hizo mbili tangu siku hizo, na kwa haki kabisa.

Mwenendo wa mnunuzi nao uliweza kuharibu kesi nzuri. Mwaka 1958 ilihukumiwa kesi ya lori lililouzwa kwa pauni 750 na mwenye malori aliyelisifia kuwa katika hali ya kipekee. Siku chache baada ya ununuzi dainamo lilikufa, gurudumu moja likaonekana lina ufa, na mafuta yakaliwa kwa kasi mno. Mnunuzi alilalamika, muuzaji akakubali kulipa nusu ya dainamo, naye mnunuzi akapokea, kisha lori likatumwa safari ya Middlesbrough. Likaharibika njiani. Mahakama ilisema kwamba kwa kulituma safari hiyo, akijua ubovu wake, mnunuzi alilikubali, na haki ya kulirudisha ilikuwa imekwisha. Bunge lilirekebisha baadhi ya ukali huu kwa Sheria ya Maelezo Potofu ya 1967, ambayo ilimtaka msemaji athibitishe kwamba alikuwa na sababu ya kuamini alichosema.

Afrika Mashariki iliurithi mtindo wa Chalmers kwa ufupi. Kenya ilipitisha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa mwaka 1931, na Tanganyika ikapata ya mfano uleule. Katika mikataba, njia ziligawanyika. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyotumika kote huku wakati wa ukoloni, ilikuwa na mfano wa farasi mgonjwa aliyeuzwa mnadani bila muuzaji kusema neno: ukimya huo peke yake si udanganyifu. Lakini mnunuzi akisema, "Usipokanusha nitamchukulia kuwa mzima," na muuzaji akanyamaza, ukimya unakuwa kauli. Mwaka 1961 Kenya iligeukia kanuni za Uingereza, ilhali Tanganyika iliendelea na umbo la Kihindi katika sheria yake mpya, ambayo leo ni Sura ya 345.

Tofauti hiyo ina uzito. Chini ya sheria ya Tanzania, aliyedanganyika kwa maelezo ya muuzaji asiye na nia mbaya, au kwa ukimya unaohesabiwa kuwa udanganyifu, anaweza kutengua mkataba. Ila si kama angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo mnunuzi wa gari la mtumba jijini Dar es Salaam akimpeleka muuzaji mahakamani, wakili wa upande wa pili atamuuliza mapema kama alikwenda na fundi, na kama aliihakiki kadi kwa mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya kutoa pesa.