Kabla Ujiite Democrat ama Republican Ukiwa Nairobi, Soma Hii Kwanza

Kila baada ya miaka minne Wakenya hupata timu mbili mpya za kushabikia. Msee hana kura kule, hata viza hana, lakini usiku kucha anatusiana mtandaoni juu ya Democrat na Republican. Sasa wacha nikuulize: ukipewa hiyo kura leo, ungeangukia wapi? Usijibu haraka.

Vyama vya Marekani vinauza kombo, kama ile ya chipsi, kuku na soda. Ukichukua Republican, unapata ushuru mdogo, uhuru wa bunduki, kupinga uavyaji mimba na serikali isiyojiingiza sana kwa mambo ya bima ya afya. Ukichukua Democrat, unapata kinyume chake karibu chote. Huwezi kusema "niwekee kuku, toa soda." Na usitafute kibanda cha tatu, kwa sababu kule mwenye kura nyingi kwa eneo huchukua kiti chote, na aliyefuata anaenda nyumbani mikono mitupu. Ndio maana chama cha tatu hakitoboi.

Nje ya Marekani watu huagiza kila kitu kivyake. Cheki Uingereza. Conservative ndio chama cha kulia, cha kina Margaret Thatcher, lakini ukitaka wapoteze uchaguzi kesho, waambie waseme wanafunga NHS, ile huduma ya afya ya serikali iliyoanza 1948. Hawathubutu. Na ndoa za jinsia moja zilipitishwa kule 2013, waziri mkuu akiwa David Cameron, huyo huyo wa Conservative. Sasa linganisha: Obamacare ilipopita Bunge la Marekani mwaka wa 2010, kura za Republican kwa mswada wa mwisho zilikuwa sufuri. Na hiyo haikuwa hata nusu ya NHS!

Australia nayo ndio noma zaidi. Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 kwa risasi huko Port Arthur. Waziri mkuu alikuwa John Howard, mhafidhina kabisa. Alipiga marufuku bunduki nyingi za kufyatua mfululizo, na serikali ikanunua mamia ya maelfu kutoka kwa raia na kuziharibu. Jaribu kufikiria Republican akifanya hivyo halafu arudi Texas kuomba kura. Haiwezekani, buda.

Na usidhani kila chama cha kushoto ni Democrat wa lugha ingine. Denmark, Mette Frederiksen wa Social Democrats alijenga jina kwa kubana wahamiaji, huku akilinda huduma za serikali kwa raia. Kule Marekani huyo angekosa chama cha kumpokea.

Sasa turudi kwako. Katiba ya 2010 ilipita kwa karibu asilimia 67 ya kura, kwa hivyo tuichukulie kama maoni yetu kwa karatasi. Kifungu cha 26 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, na uavyaji hauruhusiwi isipokuwa kwa dharura, maisha ama afya ya mama ikiwa hatarini, ama sheria nyingine ikiruhusu. Kifungu cha 45 kinasema unaoa ama kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Mhubiri wa Alabama angepiga makofi. Lakini angeteremka hadi Kifungu cha 43, kinachosema afya, makao na chakula ni haki yako, hapo angeita hiyo usoshalisti. Haki ya kumiliki bunduki? Haimo. Wewe ni Republican kanisani na Democrat hospitalini, na hakuna kombo ya hivyo inauzwa Washington.

Hii si story ya kupiga tu. Kuna sera inaitwa Mexico City Policy, iliyoanzishwa na Ronald Reagan mwaka wa 1984. Inanyima pesa za Marekani shirika lolote la nje linalotoa ama kutetea huduma za kuavya mimba, hata kama linatumia doh yake yenyewe. Clinton aliitoa, Bush akairudisha, Obama akaitoa, Trump akairudisha 2017, Biden akaitoa, Trump akairudisha tena Januari 2025. Kila ikirudi, kliniki huku kwetu zinazopima shinikizo la damu na kupeana dawa za uzazi zinaweza kukosa pesa, na mama anayezitegemea hajawahi kupiga kura Ohio.

Lakini pia mradi wa PEPFAR, uliolipia ARV za Wakenya wengi sana, ulianzishwa 2003 na George W. Bush. Republican. Halafu Republican mwingine, Trump, akasimamisha misaada ya nje Januari hiyo hiyo ya 2025. Sasa niambie, hapo wewe ni timu gani?